Mkono Usio na Haraka

Mtoto wa nyoka ni nyoka. Kando ya mashamba ya mpunga ya Katavi, methali hii hukata shauri la kinda la chatu kwa fimbo mbili, kisha watu wanaendelea na palizi. Naiona kama hukumu ya haraka. Kinda hugonga upesi kuliko chatu mzima kwa sababu porini kila mwenye njaa humla: tai, nguchiro, kenge.

Wasukuma waliohamia huku na ng'ombe wao walikuja pia na ngoma zao, na miongoni mwa wachezaji wa Kisukuma wamo wenye kujua nyoka. Chama chao cha kale, Buyeye, kilielezwa kwa maandishi na mtafiti Hans Cory mwaka 1946. Ujuzi wa namna hiyo nimeuona pembeni mwa mji wa Mpanda, kwa mzee aliyetunza kinda la chatu ndani ya kapu. Kibali chake kilikunjwa mara nne kwenye mfuko wa nailoni, maana Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 haimruhusu mtu kujiwekea chatu hivi hivi.

Mjukuu wake alipoingiza mkono, kinda alikunja shingo, akafoka, akaruka. Kijana akarudisha mkono.

“Babu, huyu mkali.”

“Anaogopa, mjukuu wangu. Na kila ukikimbia, unamfundisha kwamba kugonga kunamsaidia.”

Mzee hakupitisha mkono juu ya kichwa, kwa kuwa hatari nyingi humshukia kinda kutoka juu, na vishimo vya midomoni mwake huhisi joto la kiganja kabla hakijamgusa. Alimpapasa kwanza mgongoni kwa kijiti. Kisha akapitisha viganja viwili chini ya tumbo, akamwinua bila kumbana, akamwacha atambae kutoka mkono huu hadi ule. Shingo hakuishika kabisa.

Kapu nalo lilikaa juu ya matita ya nyasi, mbali na ngoma. Nyoka hana sikio la nje, lakini mtikisiko wa ardhi humfikia kupitia taya, na kinda aliyetikiswa mchana kutwa hawezi kutulia jioni. Akishiba haguswi kwa siku kadhaa, asije akatapika. Macho yakififia kabla ya kujivua gamba, haguswi pia.

Haya ni ya chatu, asiye na sumu. Kifutu mchanga hufanana naye kwa madoa, na kosa la kuwachanganya limewaponza watu. Usiyemjua, mwache.

Mwaka 2018 Graham Alexander wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand alieleza kwamba chatu jike wa kusini mwa Afrika hukaa na makinda yake shimoni wiki mbili hivi baada ya kuanguliwa, akiota jua na kuwarudishia joto. Niliyakumbuka maelezo hayo kinda alipojizungusha kwenye kifundo cha mkono wa kijana, ulimi ukitoka polepole. Kijana alitaka kuendelea. Mzee akamchukua kinda akiwa bado ametulia, akamrudisha kapuni, akafunika.

“Kesho tena.”