Kwa nini mkeka mrefu huchanika

Jumatatu asubuhi, kabla sijatoka kwenda kazini, fundi viatu wa mtaani kwetu alibisha hodi. "Shikamoo mzee." Nikaitika marahaba. Mkononi alikuwa na simu, na ndani ya simu mkeka wa mechi kumi. Tisa zilikubali, moja ikakataa. Dau lilikuwa shilingi 20,000, nusu ya kodi ya chumba chake.

"Bado kidogo tu, mzee. Wiki hii naupata." Alikuja kuazima 20,000 nyingine.

Kabla ya kumjibu nilimwomba tukae tupige hesabu. Hesabu hiyo ndiyo mada yetu ya leo.

Tuanze na odi. Odi ni bei. Kampuni ya kubashiri ikiandika 1.90, maana yake ukiweka shilingi 1,000 na kushinda, unapokea 1,900, dau lako likiwa humo humo. Faida ni 900. Odi ndogo ni ya jambo linalotarajiwa kutokea. Odi kubwa ni ya jambo lisilotarajiwa. Waingereza wana mtindo wao wa zamani wa kutaja faida peke yake: tano kwa moja, yaani shilingi moja inazaa tano. Kabla ya msimu wa 2015/16 Leicester City ilipewa elfu tano kwa moja kutwaa ubingwa wa Uingereza, nayo ikautwaa. Muujiza huo tunaukumbuka wote. Misimu mingi ambayo timu ndogo haikutwaa kitu, nani anaikumbuka?

Sasa tazama kampuni inapopatia riziki yake. Chukua ubashiri wa mabao: yatakuwa zaidi ya mawili na nusu, au pungufu ya hapo. Lazima moja litokee. Tuseme nafasi zinalingana, kama sarafu iliyorushwa juu. Bei ya haki ingekuwa 2.00 kila upande. Kampuni itaandika 1.90 huku na 1.90 kule. Ukibashiri mara 100 kwa shilingi 1,000 na kupatia nusu, umetoa 100,000 na umerudishiwa 95,000. Hiyo 5,000 ni kiingilio cha mlangoni. Hakuna aliyekuibia, bei ndivyo ilivyopangwa.

Kiingilio hicho kimo katika kila aina ya ubashiri: wa mshindi au sare, wa timu zote kufunga, hata ule wa nafasi mbili, yaani timu yako ishinde au itoke sare. Huo wa mwisho hukubali mara nyingi zaidi, na ndiyo sababu odi yake ni ndogo.

Katika mkeka, odi za mechi zote huzidishwa zenyewe kwa zenyewe, na mechi moja ikikataa, mkeka wote umechanika. Mechi kumi za 1.90 zinafanya odi ya 613. Kwa dau la kijana wetu hiyo ni zaidi ya shilingi milioni 12, na macho lazima yang'ae. Lakini kama kila mechi ni nusu kwa nusu, mkeka huo unakubali mara moja tu katika 1,024. Bei ya haki ingekuwa 1,024, naye analipwa 613. Kiingilio cha asilimia tano katika mechi moja kimekuwa asilimia 40 katika mechi kumi. Hapo bado hatujahesabu kodi inayokatwa kwenye ushindi.

Na ile "bado kidogo"? Hapa ndipo fundi aliponyamaza. Katika mechi kumi za namna hiyo kuna njia moja tu ya kupata zote, lakini kuna njia kumi za kukosa moja. Kwa hiyo kukosa kwa mechi moja hutokea mara kumi zaidi ya kushinda. Anayekosa kwa mechi moja hudhani ameukaribia mlango. Kumbe amefika pale wanapofika wengi, na mechi za wiki ijayo hazijui kwamba wiki hii alipata tisa.

Sisemi watu wazima wasibashiri. Mwenye miaka 18 na fedha yake ya starehe ana hiari yake, kama anayelipa kiingilio cha dansi. Lakini hakuna anayekwenda dansi kwa kodi ya nyumba akitarajia kurudi nayo imezaa.

Fundi nilimwazima. Ila fedha ile niliipeleka mwenyewe kwa mwenye nyumba, naye fundi atanilipa kwa kushona viatu vya wanangu. Hadi wiki ijayo, panapo majaliwa.