SAMAKI WENGI WADOGO AU WACHACHE WAKUBWA?

Mtu apitaye sokoni Kitale au Bungoma huona samaki wa namna mbili. Upande mmoja omena waliokaushwa wamelundikwa juu ya magunia, nao hupimwa kwa mkebe. Upande wa pili ngege na mbuta wamepangwa mmoja mmoja, na kila mmoja ana bei yake. Mnunuzi huchagua kwa kadiri ya fedha alizo nazo. Lakini mvuvi na mfugaji wa samaki wana shauri gumu zaidi: je, lenye faida ni lipi, kutoa majini samaki wengi wadogo au wachache wakubwa?

Jibu halipatikani kwa kutazama ukubwa peke yake. Samaki aweza kuwa mdogo kwa sababu tatu, na kila sababu ina shauri lake.

Sababu ya kwanza ni asili. Omena, hata akikomaa, hazidi urefu wa kidole. Hukua upesi na kuzaa akiwa bado mchanga wa miezi, kwa hiyo amvuaye omena mzima havui mtoto. Tena huliwa pamoja na mifupa yake, na kwa sababu hiyo humpa mlaji madini ya kujenga mifupa, kwa bei ambayo watu wengi huimudu. Hata hivyo naye huhitaji kupumzishwa, ndiyo maana Kenya iliweka desturi ya kufunga uvuvi wake katika Ziwa Victoria tangu Aprili hadi Julai. Hasara kubwa huja wavu wa omena unapokokotwa karibu na ufuo, kwa maana humo hunaswa pia watoto wa ngege na wa mbuta.

Sababu ya pili ni umri. Mtoto wa ngege aliyevuliwa leo ni chakula cha tonge moja. Angeachwa, angekuwa kitoweo cha watu wawili, na kabla ya hapo angezaa. Jambo hili lilitambuliwa zamani. Katika miaka ya 1927 na 1928 mtaalamu Michael Graham alilipima Ziwa Victoria, akaona kwamba ngege walikuwa wakipungua, akashauri kwamba nyavu zisiwe na macho yaliyo chini ya inchi 5. Shauri hilo likawa sheria. Lakini samaki wakubwa walipozidi kuwa haba, wavuvi waligeukia macho madogo, na kufikia mwanzo wa miaka ya 1960 sheria ilikuwa imelegezwa. Ngege wa asili hakurudia tena wingi wake wa kale. Chovya chovya humaliza buyu la asali.

Lakini mtu asidhani kwamba kuvua wakubwa peke yake hakuna madhara. Mto Nzoia, ambao maji yake hutoka katika milima ya Cherangani na Mlima Elgon, hupita katika nchi ya Trans Nzoia na Bungoma kabla ya kuingia ziwani. Zamani, mvua ziliponyesha, samaki aitwaye ningu alikuwa akipanda mto huo kwa wingi kwenda kutaga mayai, na watu wa kando ya mto walimngoja kwa mitego yao. Zilipoenea nyavu za kutegwa karibu na mdomo wa mto, majike wenye mayai walinaswa kabla ya kupanda. Samaki hao walikuwa wakubwa, wala hapana aliyevua watoto. Lakini kila jike aliyenaswa alikwenda na kizazi chake. Kufikia miaka ya 1960 uvuvi wa ningu ulikuwa umeporomoka, na mitego ya kale mtoni ikaanza kuachwa.

Kwa sababu kama hiyo, Kenya, Uganda na Tanzania zilikubaliana kwamba mbuta avuliwe akiwa na urefu wa sentimita 50 hadi 85. Walio chini ya kipimo hicho waachwe wakue. Walio juu yake waachwe wazae, kwa maana jike mkubwa hutaga mayai mengi mno kuliko jike mdogo.

Sababu ya tatu ni kudumaa, na hii yawahusu hasa wenye mabwawa. Mwaka 2009 Serikali ya Kenya ilianza mpango wa kuwachimbia wakulima mabwawa, kila moja likiwa na mita za mraba 300 na vifaranga 1,000. Bwawa ni kama shamba. Mkulima wa mahindi wa Kitale ajua kwamba mbegu tano katika shimo moja hazizai magunzi matano mazuri. Huzaa mabua membamba. Ndivyo ilivyo kwa ngege. Huanza kuzaa akiwa na umri wa miezi michache tu, na mama huyatunza mayai yake kinywani, hata vifaranga wengi huokoka. Mwenye bwawa hufurahi kuona maji yakichemka kwa samaki, kumbe chakula ni kile kile na walaji wameongezeka mara nyingi.

Hesabu yake ni hii. Samaki 1,000 wenye gramu 250 kila mmoja ni kilo 250. Samaki 4,000 waliodumaa kwa gramu 50 ni kilo 200, nao ni wengi wa miiba kuliko wa nyama. Samaki wa namna hii hafai kuachwa akue, kwa sababu hatakua. Yafaa atolewe upesi, aliwe nyumbani, ili waliobaki wapate nafasi. Dawa ya kuzuia msongamano ni kufuga madume peke yao, ambao hukua upesi kuliko majike, au kutia kambare wachache wawale vifaranga wanaozaliwa humo, mradi ngege wa kwanza wawe wamekwisha kukua kiasi cha kutomezwa.

Mwenye bwawa wa Kitale akumbuke pia kwamba nchi yake ni ya juu na ya baridi kuliko Bungoma. Ngege hupenda maji ya joto, kwa hiyo huko Kitale hukawia kukua. Asiyesubiri atavua watoto, akidhani kwamba wamedumaa.

Basi kabla ya kutupa wavu, yafaa kuuliza maneno matatu: samaki huyu ni wa aina gani, ana umri gani, na je, amekwisha kuzaa? Mwenye kujua majibu atavua wadogo bila kuharibu, na wakubwa bila kumaliza. Asiyejua, hata akijaza kikapu leo, hajui atavua nini mwaka ujao.