Kimya na Kimia: Majina ya Operesheni za Kijeshi na Unyamavu wa Raia katika Kivu

Mwezi Machi 2009, Jeshi la Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo (FARDC) lilianzisha katika Kivu operesheni dhidi ya FDLR, kundi la waasi wenye asili ya Rwanda, na kuipa jina la Kimia II. Neno hilo ni la Kilingala na maana yake ni amani. Raia wengi wa maeneo yaliyopiganiwa, hata hivyo, hutumia Kiswahili sokoni, kanisani na redioni, na kwa sikio la Kiswahili neno lenye sauti hizo ni kimya. Makala haya hayachunguzi asili ya maneno hayo mawili. Yanafafanua namna jina moja lilivyobeba ahadi katika lugha ya jeshi na amri katika lugha ya waliolindwa na jeshi hilo.

Kilingala kilikuwa lugha ya jeshi tangu enzi za Force Publique ya Wabelgiji, na Mobutu akakiimarisha katika nafasi hiyo. Kiswahili kiliingia Kinshasa kwa mtutu wa bunduki tarehe 17 Mei 1997, pamoja na askari wa AFDL ya Laurent-Désiré Kabila. Kwa hiyo hakuna lugha kati ya hizo mbili isiyonuka baruti. Uteuzi wa jina la operesheni katika mazingira hayo haukuweza kuwa jambo la mapambo tu.

Operesheni iliyotangulia, ya Januari na Februari 2009, iliitwa kwa Kiswahili: Umoja Wetu. Ilikuwa ya pamoja kati ya majeshi ya Kongo na Rwanda. Kimilikishi -etu hakibainishi chenyewe iwapo anayeambiwa yumo au hayumo ndani ya “sisi”. Kiswahili huuachia muktadha kazi hiyo. Muktadha ulijibu upesi. Vital Kamerhe, Spika wa Bunge la Taifa, alitamka hadharani kwamba hakuarifiwa juu ya kuingia kwa jeshi la Rwanda, na mwezi Machi akalazimika kujiuzulu. Iwapo Spika hakuwemo katika “wetu”, ni vigumu kuona mkulima wa Masisi angewekwa wapi.

Tofauti kati ya kimya na kunyamaza ndiyo kiini cha suala hili. Kimya ni nomino, na hutumika pia kama kielezi; hutaja hali bila kudai mtenda. Mtu hukaa kimya, mji huwa kimya, na sentensi hukamilika pasipo swali. Kitenzi nyamaza, kinyume chake, hutaja tendo. Kikitiwa kauli ya kutendesha, nyamazisha, hudai mwenye kulazimisha; na hata katika kutendwa, “walinyamazishwa”, mtenda aliyefichwa bado yumo katika maana, akisubiri kuulizwa. Kauli ya kutendea huenda mbali zaidi: anayemnyamazia muuaji huguswa na lawama yeye mwenyewe. Sarufi, kwa maneno mengine, humpa msemaji njia ya kumtaja mwenye hatia au kumsitiri, na nomino ndiyo stara nzito kuliko zote. Wala kimya cha Kiswahili si shwari. Methali isemayo kimya kingi kina mshindo mkuu yatosha kuonyesha kwamba wazungumzaji husikia ndani yake tishio.

Mshindo huo ulikuwa na sababu. Waandishi wawili wa Radio Okapi, Serge Maheshe na Didace Namujimbo, waliuawa Bukavu kwa risasi, mmoja Juni 2007 na mwingine Novemba 2008. Mapema 2009 wapiganaji wa CNDP waliingizwa jeshini kwa haraka, hata adui wa jana akavaa sare ya serikali. Miongoni mwao alikuwa Bosco Ntaganda, ambaye hati ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ya kumkamata ilikuwa imekwisha kutangazwa. Shahidi wa uovu wa kundi hilo angepeleka mashtaka kwa nani, ikiwa mshtakiwa ndiye kamanda wa eneo? Ndipo taarifa zinapojaa “watu wenye silaha wasiojulikana”. Mara nyingi kirai hicho hakielezi ujinga wa msemaji, humlinda. Wasiojulikana aghalabu hujulikana kwa majina, kwa lafudhi, hata kwa mama zao.

Human Rights Watch iliorodhesha zaidi ya raia 1,400 waliouawa kwa makusudi kati ya Januari na Septemba 2009, wengine na FDLR, wengine na wanajeshi wa serikali na washirika wao. Mnamo Novemba, MONUC, iliyokuwa ikiisaidia Kimia II, ilisitisha msaada kwa vikosi vilivyotuhumiwa kuua raia wasiopungua 62 katika eneo la Lukweti.

Operesheni ilifungwa mwisho wa mwaka, na Januari 2010 ikafuatwa na Amani Leo. Amani sasa ilitajwa kwa Kiswahili, pasipo utata wa sauti, ingawa kielezi leo kilijiwekea mtego wake: kila kesho ya mapigano ilikikanusha. Januari 2014 jeshi lilirudi kwenye Kilingala kwa operesheni ya Beni dhidi ya ADF, Sokola I. Shina hilo ni la kitenzi chenye maana ya kuosha au kusafisha. Ni kitenzi elekezi, nacho hudai yambwa. Jina la operesheni halikuitaja.