Baridi ya Mlima Kenya isikuharibie mtindo

Simama karibu na steji ya matatu mjini Nyeri asubuhi moja ya mwezi wa Julai, ukungu ungali umetanda juu ya mapaa ya maduka, kisha uwatazame watu wanavyopita wakielekea kazini na vyuoni. Utaona nini? Hutaona blauzi mpya wala shati lililopigwa pasi usiku uliotangulia. Utaona makoti, masweta, majaketi, mashali na kofia za sufu. Zile nguo zilizochaguliwa kwa makini na kulipiwa pesa nyingi zimefichwa chini ya jaketi kuukuu ambalo mwenyewe hakumbuki hata alilipata wapi.

Ajabu ni kwamba mtu huyo akiulizwa mtindo wake wa mavazi, atakutajia zile nguo zilizofichika. Atakwambia anapenda vitenge, au mashati ya mistari, au marinda marefu. Lakini majirani, wateja wake na walimu wake hawajui hayo. Wao wanalijua jaketi.

Basi, msomaji, kama unaishi Nyeri, Karatina, Nanyuki, Kerugoya, Embu, Chuka au Meru, na unatafuta mtindo unaokufaa, usianzie kwenye blauzi. Anzia kwenye vazi la juu. Ndilo linaloonekana kwanza, ndilo linalovaliwa siku nyingi zaidi, na ndilo ambalo wengi hulinunua mwisho, tena kwa pupa, siku ile baridi inapouma.

Waliotutangulia

Si jambo geni. Dedan Kimathi alipokamatwa karibu na Nyeri mnamo Oktoba 1956, alikuwa amevaa koti la ngozi ya chui. Hakulivaa kwa ajili ya kupendeza, kwani misitu ya Nyandarua ina baridi isiyo na huruma na wapiganaji walijishonea mavazi ya ngozi ili wasife kwa baridi. Hata hivyo, hadi leo wanaosimulia habari za siku ile hawaachi kulitaja koti lile. Lililomkinga na baridi ndilo lililobaki katika kumbukumbu za watu.

Tazama pia Profesa Wangari Maathai, mzaliwa wa Ihithe katika kaunti hiyo hiyo ya Nyeri. Katika miaka yake ya baadaye hukuhitaji kuuliza yule ni nani. Vazi la kitambaa cha Kiafrika chenye rangi zinazong'aa, na kitambaa kichwani kinachooana nalo, vilikwambia. Alipokwenda Oslo, Norway, kupokea Tuzo ya Amani ya Nobel tarehe 10 Desemba 2004, wakati wa majira ya baridi, hakujigeuza mtu mwingine kwa sababu ya ugeni wa mahali. Alikwenda jinsi alivyojulikana.

Funzo ni kwamba mtindo si wingi wa nguo. Ni kulijua jambo moja linalokufaa, ukalishika na kulirudia mpaka watu wakakutambua kwalo.

Sare ya shule na woga wa sweta

Wapo vijana wanaotetemeka kutwa nzima chuoni kwa fulana nyepesi, si kwa kukosa sweta, bali kwa kulichukia. Na ukiwaelewa, huwezi kuwalaumu. Mtoto wa sehemu hizi huvaa sweta la shule tangu chekechea hadi kidato cha nne: rangi moja, shingo moja, viwiko vilivyotoboka. Akimaliza mtihani wake wa mwisho, sweta kwake ni alama ya kengele na paredi. Anataka avae kitu chochote ili mradi si sweta.

Matatizo huanza hapo. Kijana huyu hajawahi kuchagua nguo za kila siku maishani mwake. Shule ilimchagulia, na Jumapili mama alimchagulia. Sasa anaingia chuo, kama vile Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi pale Nyeri au Chuo Kikuu cha Karatina, na pesa kidogo za matumizi. Anaiga anachokiona kwenye picha za wanamuziki wa nchi za joto. Kufikia katikati ya muhula pesa zimekwisha, kikohozi kimemwandama, na bado hana nguo ya kuvaa siku akiitwa kwenye mahojiano ya kazi. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri maungo. Na mtindo wa kuazima ni hivyo hivyo.

Dawa si kulikimbia sweta bali kulibadilisha. Sweta lenye vifungo mbele, la rangi isiyokuwa ya shule yako, lililokaa sawasawa mabegani, halifanani hata kidogo na lile la kidato cha nne. Ukilivaa juu ya shati lenye kola, linakuwa vazi la ofisini.

Kabati kwanza, soko baadaye

Kabla hujatoa hata shilingi, fanya zoezi hili kwa majuma mawili. Kila jioni andika kwenye daftari nguo ulizovaa siku hiyo. Usizibadilishe kwa kujionyesha. Vaa kama kawaida yako. Mwisho wa majuma hayo, toa nguo zote kabatini au sandukuni uziweke kitandani. Zile ulizozivaa mara tatu na zaidi ziweke upande mmoja. Zile ambazo hukuzigusa ziweke upande wa pili.

Sasa utazame ule upande wa kwanza na ujiulize zinafanana kwa nini. Pengine zote zina rangi zilizokoza. Pengine zote hazibani kiunoni, au zote zina mifuko, au zote ni za pamba. Hapo hapo umekutana na mtindo wako. Hukuhitaji jarida la Paris kukufundisha. Mwili wako na kazi yako vimekuwa vikikwambia siku zote.

Ule upande wa pili nao una la kusema. Ukikuta suruali tatu zinazobana ambazo huzivai, usinunue ya nne.

Baada ya hapo tafuta vazi la juu litakaloafikiana na angalau nguo nne za ule upande wa kwanza. Kama haliafikiani nazo, hata liwe zuri namna gani, liache pale pale lilipo.

Kila mji na hewa yake

Miji ya Mlima Kenya haina hali moja ya hewa, na anayevaa bila kulijua hilo hujitesa bure. Nyeri uko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kati ya Juni na Agosti jua huweza kukosekana tangu asubuhi hadi jioni. Hapo koti jepesi la sufu au sweta zito halikai kabatini. Udongo nao ni mwekundu, hivyo kiatu cheupe na suruali ya krimu ni kujitafutia kazi ya kufua wakati wa mvua. Rangi ya hudhurungi, bluu iliyokoza au kijani kilichoiva huficha mengi.

Nanyuki uko juu zaidi, mita 1,900 na ushei, lakini ni pakavu. Usiku na alfajiri huwa na baridi ya kukata, mchana jua huchoma na vumbi hupaa. Mkazi wa huko anahitaji nguo za kuvaa moja juu ya nyingine: shati la pamba, kisha sweta, kisha jaketi, akizivua kadiri jua linavyopanda. Kina mama wa kikundi cha Nanyuki Spinners and Weavers wamejulikana kwa miaka mingi kwa kusokota na kufuma sufu kwa mikono. Shali ya sufu ya aina hiyo hutandazwa mabegani asubuhi, na ikifika saa sita hukunjwa ikaingia kwenye kiondo.

Embu, wenye mita kama 1,350, una joto zaidi mchana. Huko koti zito ni mzigo, na kinachofaa ni sweta jembamba na mwavuli, hasa katika mvua za Machi hadi Mei na zile za Oktoba hadi Desemba.

Jinsi ya kuchagua

Tangu biashara ilipofunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, mitumba imekuwa kabati ya wengi, kuanzia soko kubwa la Karatina hadi vibanda vya Meru. Wafanyabiashara wenyewe huziita nguo bora kabisa "kamera", na zile za mwisho zinazouzwa kwa bei ya kutupa huziita "fagia". Ukifika mapema, siku mzigo unapofunguliwa, utachagua. Ukichelewa, umechaguliwa.

Jihadhari na makoti mazito mno. Mengi yalishonwa kwa ajili ya nchi zenye theluji, na ikifika adhuhuri utakuwa umelibeba mkononi kama mtoto mchanga. Lishike koti ulitazame kwenye mwanga. Kagua viwiko, makwapa na ukingo wa kola, kwani huko ndiko kitambaa huchakaa kwanza. Fungua na ufunge zipu mara mbili.

Kisha lijaribu juu ya nguo unazozivaa kweli, si juu ya fulana peke yake. Angalia mabega kabla ya jambo lingine. Fundi wa cherehani anaweza kukufupishia mikono, kukupunguzia ubavuni na kukubadilishia vifungo kwa gharama nafuu, lakini mabega yaliyopwaya ni kazi ngumu na ya ghali. Mtu mfupi humezwa na koti linalofika magotini. Linaloishia nyongani humkaa vizuri zaidi. Mnene ajiepushe na majaketi yaliyotutumka kama godoro, atafute koti lenye mshono ulionyooka.

Na bei je? Tuchukue mfano. Koti la shilingi 1,200 utakalolivaa siku 150 kwa mwaka limekugharimu shilingi 8 kwa siku. Blauzi ya shilingi 300 uliyoivaa mara tatu imekugharimu shilingi 100 kila ulipoivaa. Ipi ghali? Rahisi ghali, ndivyo walivyosema wazee.

Ukishapata vazi la juu la rangi iliyotulia, uchangamfu utie kwenye skafu, kofia au kilemba. Kitambaa cha shingoni ni kidogo lakini kina nguvu ya kutambulisha. Maskauti wa mataifa mengi hufika Nyeri kulizuru kaburi la mwanzilishi wao, Baden-Powell, aliyefariki mwaka wa 1941, na skafu shingoni huwatambulisha kabla hawajasema neno.

Mzazi na kijana wake

Nguo zimezua ugomvi katika nyumba nyingi. Baba anataka suruali ya kitambaa, kijana anataka jinzi iliyochanwa magotini. Mama anasema rinda ni fupi, binti anasema mama ni wa zamani. Njia moja ya kupatana ni kugawana madaraka: mzazi aamue bei na uzito wa kitambaa, kijana aamue rangi na mshono. Mzazi atakuwa na hakika kwamba mtoto hatatetemeka kwa baridi, na mtoto atavaa kwa hiari kwa sababu amechagua mwenyewe. Kijana aliyechagua koti lake kwa bajeti aliyopewa amejifunza jambo litakalomfaa atakapopokea mshahara wa kwanza.

Kwa wadogo, sweta linunuliwe likiwa na nafasi kidogo, mikono ikunjwe, na likimbana apewe anayemfuata. Si aibu. Sweta lililofuliwa kwa maji ya uvuguvugu, likaanikwa limelazwa na si kutundikwa, huweza kuwapitia watoto watatu likiwa na umbo lake.

Wapo watakaosema kwamba nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Ni kweli, utu haupimwi kwa koti. Lakini wengi unaokutana nao njiani hawataingia ndani. Wataonana na mlango tu, waende zao. Mwajiri ana dakika chache, mteja ana moja. Si lazima mlango uwe wa thamani kubwa. Uwe msafi, ufungike, na ufanane na mwenye nyumba.

Kwa hiyo usiingoje Julai ikufukuze mbio hadi sokoni. Nunua vazi lako la juu Januari au Februari, jua likiwaka na wanunuzi wa makoti wakiwa wachache. Utachagua kwa utulivu, utapatana bei bila kutetemeka, na baridi itakapoteremka kutoka mlimani itakukuta umevaa kama wewe mwenyewe.