Upasuaji wa Kupunguza Matiti Ukiwa na Uvimbe

Mama mwenye matiti makubwa mno huumwa shingo, mabega na mgongo, na kamba za sidiria humkata begani. Daktari aweza kuyapunguza kwa upasuaji. Je, akiwa na uvimbe ndani yake?

Wengine huuficha wakiogopa kunyimwa upasuaji. Hilo ni kosa la hatari. Uvimbe mwingi wa titi si saratani. Kwa wenye miaka 15 hadi 35, ule unaoteleza chini ya vidole mara nyingi ni fibroadenoma, nao hauzuii upasuaji. Lakini vidole pekee havitoshi kuamua. Kwanza upimwe kwa ultrasaundi, na ikibidi sindano itoe chembe za kupimwa maabara. Aliyefikia miaka 40 hupigwa pia eksirei ya matiti.

Daktari akijua mapema, mara nyingi huweza kuutoa uvimbe siku hiyo hiyo. Nyama iliyokatwa nayo ipelekwe maabara. Kama unatarajia kunyonyesha baadaye, mweleze, maana maziwa yaweza kupungua.

Ukishapona, endelea kujichunguza. Kovu nalo huweza kushikika kama uvimbe, usijiamulie mwenyewe. Ukigusa kitu kipya, njoo hospitali.