Wamama wa Siongiroi, Maziwa Mnapima Kila Siku. Mlango wa Kizazi Je?

Ukipeleka maziwa asubuhi pale Siongiroi, hakuna mtu atayamwaga kwa tangi ati juu yanakaa poa. Lazima yapimwe kwanza. Yanaweza kuwa meupe pepepe na kumbe yameanza kuharibika. Na hakuna mkulima hukasirika akiona yanapimwa. Ni kawaida tu.

Sasa hiyo akili ya maziwa ndiyo unafaa kuiweka kwa mwili wako. Kansa ya mlango wa kizazi hupimwa ukiwa fiti, hausikii uchungu wowote. Ukingoja hadi uumwe, hapo hauendi kupimwa tena, unaenda kutafuta matibabu. Hizo ni stori mbili tofauti kabisa.

Iko hivi. Karibu kansa zote za mlango wa kizazi huletwa na kirusi kinaitwa HPV, ambacho hupitia ngono. Watu wengi, wanaume kwa wanawake, hukipata wakati fulani maishani, na mara mingi mwili hukimaliza wenyewe. Noma ni pale kinakataa kutoka. Kinaanza kuharibu seli pole pole, na inaweza kuchukua miaka 15 hadi 20 ndiyo igeuke kansa. Kwa mwenye HIV ambaye hatumii dawa, miaka 5 hadi 10 inatosha. Muda huo wote unaweza kuwa unachuna chai, unakamua, unacheza kwa harusi, na hakuna kitu unaskia.

Hiyo miaka ndiyo nafasi yako. Seli zikipatikana mapema, zinagandishwa au kuchomwa kwa joto, mara nyingi siku hiyo hiyo, na unarudi nyumbani. Kansa yenyewe haijafika.

Na hii si story ya kutishana. Makadirio ya mwaka wa 2020 yalionyesha zaidi ya wanawake 5,200 Kenya walipata kansa hii, na zaidi ya 3,200 wakafa. Hiyo ni karibu 9 kila siku. Hakuna kansa nyingine iliua wanawake wengi hivyo nchini mwaka huo.

Bomet tunaijua kansa vizuri. Julai 2019 ilituchukulia Gavana Joyce Laboso. Tenwek nayo imetibu kansa ya umio miaka na miaka. Ile ya koo tunaiongelea kwa sauti. Hii ya huku chini tunanong'ona, na wengine hata hawanong'oni.

Kuna mtego mwingine. Ukiwa unazaa, kliniki unaijua kama jikoni yako. Kifunguamimba, wa pili, wa tatu, chanjo, kupima uzito. Halafu kitinda mimba anaingia shule na wewe unapotea hospitalini kabisa. Sasa uko miaka 35, 40, 45, na huo ndio wakati kipimo kina maana zaidi. Shirika la Afya Duniani, WHO, linasema uanze ukiwa 30. Ukiwa na HIV anza 25, juu hatari yako ni mara 6 zaidi.

"Lakini watanifanya nini huko ndani?" Swali poa. Kuna njia mbili ambazo utakutana nazo sana. Ya kwanza, nesi anafungua kwa kifaa maalum, anapaka siki kidogo kwenye mlango wa kizazi, anangoja kama dakika moja. Sehemu yenye shida inageuka nyeupe. Ya pili ni kutafuta HPV yenyewe, na hapo unaweza kupewa kijiti chenye pamba, uingie chumbani pekee yako ujichukulie sampuli. Kama shida yako ni kuonwa na kijana wa huko kwenu, uliza hiyo ya pili. Au sema unataka nesi wa kike. Hakuna aibu hapo.

Anzia kituo cha afya cha Siongiroi. Uliza kama wanapima, ni siku gani, na ni pesa ngapi. Kama hawana, omba wakuelekeze Longisa au Tenwek. Usiende ukiwa kwa siku zako.

Lakini kama unatoka damu baada ya ngono, katikati ya mwezi, au baada ya hedhi kukoma, ama una uchafu wenye harufu mbaya, usingoje siku ya kupima. Nenda leo.

Na wewe mzee, toa nauli bila kuuliza "ulikuwa na nani?" Mwanamke anaweza kuwa na mume mmoja maisha yake yote na bado apate HPV. Wanaume pia hukibeba, na wengi hawajui.

Binti yako akifika miaka 10, mpeleke chanjo. Serikali iliianza Oktoba 2019. Akiwa mkubwa bado atapimwa, juu chanjo haizuii kila aina ya HPV.

Kwa hivyo, ukimaliza kupeleka maziwa wiki hii, usirudi nyumbani mbio. Ita jirani yako, yule mnachuna au mnakamua pamoja, muingie kituoni mkiwa wawili. Maziwa yamepimwa. Sasa ni zamu yako.