MSIKITI WA KILWA NDANI YA KOMPYUTA



 



Katika darsa ya tarehe ya Uislamu tulipokuwa tukizungumzia miji ya pwani, mwanafunzi mmoja aliuliza: "Ustadhi, msikiti ukianguka wote, na mawe yakachukuliwa na bahari, watu wa baadaye watajuaje ulikuwa vipi?" Swali lile sikuweza kulijibu kwa sentensi moja. Makala haya ndiyo jibu lake.

Wengi wetu hapa Mjimwema hatujafika Kilwa Kisiwani. Ni kisiwa kilichoko mkoani Lindi, na juu yake yamesimama magofu ya mji mkubwa wa Kiislamu. Msikiti Mkuu wa Kilwa, katika sehemu yake kongwe, ni wa karne ya 11 au ya 12. Katika karne ya 14 Sultani al-Hasan bin Sulaiman aliupanua sana, na yeye ndiye aliyejenga kasri ya Husuni Kubwa yenye birika la pembe nane. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331 akamkuta sultani huyo akitawala. Mwaka 1505 Wareno waliuvamia mji. Vyote hivi vilijengwa kwa mawe ya matumbawe, yaani mawe yanayotoka baharini, yakishikwa kwa chokaa. Sisi tuliozoea tofali la kuchoma na mbao za misonobari tunaweza kudhani jiwe halifi. Kumbe jiwe la matumbawe nalo huliwa na chumvi, mvua, mizizi ya miti na mawimbi. Ngome iitwayo Gereza imekaa ukingoni kabisa mwa maji, na bahari imekwisha kuangusha sehemu ya kuta zake. UNESCO iliiweka Kilwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1981, mwaka 2004 ikaiingiza pia katika orodha ya urithi ulio hatarini, na baada ya kazi ya ukarabati ikaitoa humo mwaka 2014. Bahari yenyewe haikuacha kupiga.

Wataalamu wa zamani walipima kwa tepu na kuchora kwa mkono. Peter Garlake alitoa kitabu chake cha majengo ya kale ya Kiislamu ya pwani mwaka 1966, na Neville Chittick, aliyechimba Kilwa kwa miaka kadhaa, alitoa vitabu viwili vikubwa mwaka 1974. Kazi yao ni ya kuheshimiwa. Lakini mchoro wa karatasini unachukua tu kile ambacho mchoraji ameamua kukipima. Ufa ambao hakuuona hauko, na ukuta uliopinda kidogo kwake umenyooka.

Kisha ukaja upimaji wa leza. Chuo Kikuu cha Cape Town, Afrika Kusini, kina mradi ulioanzishwa na Profesa Heinz Rüther katika miaka ya 2000, ambao umepima majengo ya kale katika nchi nyingi za Afrika, Kilwa Kisiwani na Songo Mnara zikiwemo. Mradi huo umepewa jina la Kiswahili: Zamani. Nakiri kwamba niliposoma jina hilo nilifurahi kuliko nilivyotarajia.

Kifaa chenyewe husimamishwa juu ya miguu mitatu kama kamera ya mpiga picha wa harusi. Hutoa mwanga wa leza, mwanga ukagonga ukuta na kurudi. Mwanga husafiri karibu kilomita 300,000 kwa sekunde. Ukuta ukiwa mbali mita 15, mwanga huenda na kurudi mita 30, na safari hiyo huchukua sehemu moja ya milioni kumi ya sekunde. Kifaa hupima muda huo mdogo, kikauzidisha kwa mwendo wa mwanga, kikagawa kwa mbili, kikapata umbali. Kisha kinageuka kidogo na kurudia, mamilioni ya mara. Nyuma ya nguzo hakioni, kwa hiyo hubebwa na kusimamishwa mahali pengine, na pengine tena, halafu vipimo vyote huunganishwa. Kinachopatikana ni wingu la nukta: kila nukta ina namba tatu, za kwenda mbele, za pembeni na za juu.

Wingu si ukuta. Nukta hazijui kwamba ni jirani. Kompyuta huziunganisha tatu tatu kuwa pembetatu ndogo ndogo, kama shuka iliyoshonwa kwa vipande vya pembetatu na kufunikwa juu ya jengo. Hapo sasa tunaona sura. Lakini sura ni ngozi tu, na hapa ndipo lilipo tawi la elimu ambalo wengi hawalijui, la kuunda maumbo yenye mwili kamili ndani ya kompyuta.

Chukua kiazi mviringo, maana Njombe kiazi hakikosekani. Ngozi yake ukiimenya yote na kuikausha, utabaki na sura ya kiazi, lakini huwezi kukipima uzito wala kukikata chipsi. Kompyuta nayo inahitaji kujua ndani ni wapi na nje ni wapi. Kanuni moja ni kwamba kila ukingo uguswe na pembetatu mbili kamili, si moja, si tatu. Ukingo wenye pembetatu moja ni tundu, na umbo lenye tundu ni kama ndoo inayovuja: haliwezi kupimwa ujazo wake. Kuna hesabu nyingine nzuri, ya Euler wa karne ya 18. Twaa boksi la chaki. Lina vipeo 8, kingo 12 na nyuso 6. Toa kingo kutoka kwenye vipeo, kisha ongeza nyuso: jibu ni 2. Jaribu kwa piramidi ya pembetatu, yenye vipeo 4, kingo 6 na nyuso 4. Ni 2 tena. Programu hutumia hesabu za aina hii kukagua kama umbo limefungika sawasawa.

Katika miaka ya 1970 watafiti walilishughulikia jambo hili kwa njia mbili. Ian Braid wa Cambridge, Uingereza, alikuwa miongoni mwa waliotangulia kulieleza umbo kwa mipaka yake: nyuso, kingo na vipeo. Herbert Voelcker na Aristides Requicha wa Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani, waliendeleza njia ya kujenga kwa kuongeza na kutoa. Njia hii ya pili ndiyo ninayoipenda, kwa sababu ni kama kisu na kiazi. Unaanza na maumbo mepesi: tufe, mche mstatili, mche duara. Unayaunganisha, unatoa moja ndani ya jingine, au unabakiza pale tu yanapokutana.

Tutazame Msikiti Mdogo wa Kuba, ulio karibu na ule Mkuu. Ndani yake umegawanyika sehemu tisa, tatu kwa tatu, na juu zimefunikwa kwa makuba na matao. Kuba moja unalipataje? Chukua tufe. Ndani yake toa tufe dogo zaidi lenye kitovu kile kile. Umebaki na ganda. Sasa toa boksi kubwa linalofunika nusu ya chini. Kilichobaki ni kuba. Mlango ni ukuta ukitolewa boksi, na tao lake ni mche duara uliolazwa na kutolewa juu ya boksi hilo. Mafundi wa Kilwa hawakuwa na kompyuta, lakini nina hakika jiometri hii waliijua kwa mikono yao.

Faida yake si picha ya kupendeza tu. Umbo likifungika, tunaweza kujua ukuta una mita ngapi za ujazo za mawe, na mhandisi anaweza kukadiria kama utasimama. Ukipima leo na ukapima tena baada ya miaka kadhaa, ukaweka umbo moja juu ya jingine, tofauti ndiyo kiasi ambacho bahari imekula. Shirika la CyArk la Marekani, lililoanzishwa mwaka 2003 na mhandisi Ben Kacyra, mzaliwa wa Mosul nchini Iraq, lilishirikiana na ICOMOS na Google kutoa mwezi Januari 2020 maonyesho ya sehemu tano za kale zinazotishiwa na mabadiliko ya tabianchi. Kilwa Kisiwani ni mojawapo, pamoja na mji wa misikiti wa Bagerhat huko Bangladesh.

Baadhi ya wazazi huuliza kuhusu hukumu ya picha. Suala hilo wanazuoni wamelieleza kwa kirefu, na mwenye haja amuulize sheikh. Ninachoweza kukumbusha ni kwamba Ibn Abbas (R.A.) alimwelekeza mchoraji aliyemjia achore miti na visivyo na roho. Ukuta wa Kilwa hauna roho.

Umbo likishapatikana, kompyuta inalionyeshaje likiwa na mwanga na kivuli? Hapa tunakutana na mtu wetu. Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra mnamo mwaka 965, aliandika Kitab al-Manazir, na humo alieleza kwamba tunaona kwa sababu mwanga hutoka kwenye vitu na kuingia jichoni. Kabla yake wengi, akiwemo Euclid, walidhani jicho ndilo linalotoa mionzi. Mwaka 1980 Turner Whitted alichapisha makala fupi iliyobadilisha fani ya michoro ya kompyuta: kwa kila kidoa cha picha, kompyuta inafuata mstari mmoja kutoka jichoni hadi kwenye kitu, kisha hadi kwenye taa. Yaani inakwenda kinyumenyume, kama walivyodhani wale wa kale! Haina kosa, maana njia ya mwanga ni ile ile kwenda na kurudi, na kuanzia jichoni huokoa hesabu za mwanga usiofika kwetu. Lakini naona Ibn al-Haytham angetabasamu.

Sasa niseme jambo linalonikera. Picha ya kompyuta inaweza kusema uongo bila kuonyesha dalili. Leza haikufika nyuma ya rundo la mawe, kompyuta ikaziba tundu kwa kukisia. Paa lilianguka karne nyingi zilizopita, mchoraji akalirudisha kwa kuwaza. Mtazamaji anaona jengo zima linalong'aa na kuamini kwamba vyote vimepimwa. Wanafunzi wa mustalah al-hadith wanalijua tatizo hili kwa jina lake: mudraj, maneno ya mpokezi yaliyoingia ndani ya hadithi yakadhaniwa ni sehemu yake. Muhadithina walifanya kazi kubwa kuyatenganisha. Wataalamu wa urithi nao waliandika Mkataba wa London, toleo la mwaka 2006 na jingine la 2009, unaotaka kila mjengo wa kompyuta uonyeshe wazi kipi ni ushahidi na kipi ni makisio. Binafsi naona kuba la kukisia lingepakwa rangi tofauti. Likipendeza kidogo kuliko ukweli, hasara si ndogo.

Je, kazi hizi zinasambazwaje? Mtafiti huandika makala na kuipeleka kwa jarida la kitaalamu. Mhariri huwapa wajuzi wengine wawili au watatu, ambao mara nyingi mwandishi hawajui kwa majina, nao huikagua na kuipokea, kuirudisha irekebishwe au kuikataa. Ndani yake kila dai la mtu mwingine lazima litajwe limetoka wapi. Atakayeona hapo harufu ya isnadi hajakosea sana, ingawa sharti zake si zile zile. Katika michoro ya kompyuta kuna hata utaratibu wa muhuri wa kurudiwa: mtu asiyehusika huchukua programu ya mwandishi, huiendesha kwenye kompyuta yake, na kuona kama picha zilizo ndani ya makala zinatoka kweli. Jabir bin Abdullah (R.A.) alisafiri mwezi mzima ili aisikie hadithi moja kwa Abdullah bin Unays (R.A.). Kwenda kwenye chanzo si jambo jipya kwetu.

Ugumu uko kwenye bei. Jarida la Azania, lililoanza Nairobi mwaka 1966 na ambalo limebeba sehemu kubwa ya elimu ya miji ya Waswahili, tangu mwaka 2009 linachapishwa na kampuni ya Uingereza, na makala zake nyingi hulipiwa kwa fedha za kigeni. Mtoto wa Kilwa anayetaka kusoma habari za msikiti wa babu zake anakutana na mlango uliofungwa. Kuna nafuu. Mpango wa Research4Life hufungua majarida kwa vyuo na taasisi za nchi zenye kipato kidogo. African Journals Online, tangu mwaka 1998, hukusanya majarida ya Afrika, na mengi yake hayalipiwi. Baadhi ya waandishi huweka nakala zao bure katika hazina za vyuo vyao. Na ikishindikana kote, mwandikie mwandishi mwenyewe. Anuani yake ya barua pepe kwa kawaida iko ukurasa wa kwanza, hata pale ambapo makala yenyewe imefungwa, na wengi wao hutuma nakala bila malipo.

Kwa mwenye kompyuta, OpenSCAD ni programu ya bure inayojenga kwa kuongeza na kutoa, kama tulivyofanya kwa kuba. Kabla ya kuiwasha, pimeni chumba chetu cha darsa kwa tepu: urefu, upana, kimo, unene wa kuta, milango na madirisha. Andikeni pembeni ni nani aliyepima na tarehe gani. Na pale msipofika na tepu, juu ya dari, acheni wazi.